Ngozi ya Kiti cha Dereva

Mwezi wa Juni, wakati baridi ya Njombe inapomfanya hata mtu mzima apigane na blanketi kila asubuhi, mwanangu wa pili alifika nyumbani na pikapu mpya. Anafanya biashara ya parachichi, na gari hilo, lenye milango minne na bodi ya mizigo nyuma, alilichukua kwa mkopo wa benki atakaoulipa kwa miaka minne. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, vya rangi ya kijivu iliyoiva. Nilipofungua mlango nikapigwa na harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliniachia funguo, akapanda basi kwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake za siku tano. "Baba, unitunzie," alisema. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Mtu akiniambia nitunze kiti cha ngozi cha gari, mimi najua la kufanya, kwa kuwa nilifundishwa na baba yangu. Nilikwenda sokoni nikanunua makongoro, miguu minne kamili. Nikayachemsha tangu asubuhi hadi alasiri, nikaengua mafuta yaliyoelea juu, nikayachuja kwa kitambaa na kuyatia katika kopo. Siku iliyofuata niliingia garini na kipande cha fulana kuukuu, nikapaka kiti baada ya kiti. Vilimeremeta. Niliona kwamba mafuta hayazami, lakini nikayasingizia baridi. Nikalisogeza gari juani, nikapaka mara ya pili.

Jumamosi mwanangu akarudi, na jioni yeye na mkewe wakaenda kwenye sendofu ya binti wa jirani. Mkwe wangu alivaa gauni la rangi ya krimu alilolishonesha kwa ajili ya siku ile. Waliporudi usiku hakuniambia neno, maana ni mtu mwenye adabu. Asubuhi nikaliona gauni limeanikwa kambani, na mgongoni lina mistari ya kiti, mweusi mmoja baada ya mwingine, kama limechapwa na mjeledi wa masizi. Mwanangu naye alisema maneno machache tu: "Baba, lile si lori la babu."

Nimelifikiri neno hilo muda mrefu. Lilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani, na hayo niliyoyakuta huko ndiyo ninayomwandikia msomaji.

Lori la babu lilikuwa Bedford. Baba alikabidhiwa likiwa jipya mwaka 1966, naye tayari alikuwa dereva mzoefu. Alibeba magome ya miwati kutoka mashambani kwenda kiwandani, na baadaye magunia ya utomvu mkavu uliotolewa katika magome hayo. Huenda msomaji wa pwani au wa Kanda ya Ziwa haujui mti huu. Asili yake ni Australia. Wafanyabiashara wa ngozi huuita mimosa, na gome lake lina dawa kali ya kuivishia ngozi. Wazungu waliupanda kwa wingi katika nyanda za baridi za Kenya, hasa upande wa Eldoret, na hapa kwetu Njombe shirika la Kiingereza la maendeleo ya makoloni lilianzisha mashamba makubwa ya miwati mwaka 1949, na baadaye kiwanda chake. Kwa hiyo tulikua tukiiona miti hiyo ikimenywa kama ndizi, magome yake yamefungwa matita, na sisi watoto mikono yetu imepiga wekundu kwa kuyachezea. Dawa hiyo ilikwenda ng'ambo. Huko ilifanya soli za viatu, mikanda, na matandiko ya farasi ambao sisi hatukuwahi kuwaona.

Kiti cha Bedford, hata hivyo, hakikuwa cha ngozi. Kilikuwa cha reksini. Lori lilikuwa jipya linang'aa, lakini baada ya viangazi viwili kile kitambaa kilianza kukakamaa na kupasuka, kwanza pale ambapo dereva hutelezesha paja lake anaposhuka, kisha kote. Sponji ikachungulia. Baba alitoa taarifa kwa mwajiri wake akajibiwa kwamba lori linatembea kwa injini, si kwa kiti. Jibu hilo alilirudia mara nyingi maishani mwake, kila alipotaka kutuchekesha, lakini nadhani lilimuuma.

Ili msomaji aelewe kwa nini lilimuuma, lazima niseme habari ya barabara. Mnamo Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta na bidhaa zake kupitia kusini, ikalazimika kugeukia bandari ya Dar es Salaam. Hapakuwa na reli ya TAZARA wala bomba la mafuta. Palikuwa na barabara ya udongo, na juu yake malori yaliyobeba mapipa, usiku na mchana. Waingereza wenyewe waliiita barabara ya jehanamu. Wakati wa kiangazi lilikuwa vumbi ambalo dereva hakuliona lori la mbele yake mpaka amelifikia; wakati wa masika lilikuwa tope. Lami ilikuja polepole, ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baba naye, aliyekuwa na magunia ya kuteremsha pwani, alipita humo humo: Makambako, Iringa, kisha kuteremka Kitonga, ambako aliwahi kuona malori ya wenzake yamelala chini ya bonde kama wadudu waliopinduliwa. Mtu wa namna hiyo hukaa juu ya kiti saa kumi na nne kwa siku. Ndicho kitanda chake, meza yake na ofisi yake.

Basi alilipa kwa fedha yake. Alimwendea fundi viatu mmoja aliyekuwa akiivisha ngozi mwenyewe kwa maji ya magome ya miwati, akanunua nusu ya ngozi ya ng'ombe, na fundi akamvisha kiti chote cha mbele. Ngozi hiyo ilikuwa nene, ya rangi kama chai ya maziwa iliyotiwa wekundu, na kila mwezi ikazidi kukolea kwa jua. Haikuwa safi. Palikuwa na matundu ya kupe, mkwaruzo mrefu wa pembe au mwiba, na katikati kabisa, mahali nilipokaa mimi wakati wa likizo baina ya baba na utingo wake, chapa ya moto ya mwenye ng'ombe wa kwanza. Niliifuata kwa kidole njia nzima ya Makambako. Sikujua ilikuwa ya nani. Baba alisema ni ya mtu ambaye hajui kwamba ng'ombe wake bado anasafiri.

Kukitunza kiti hicho ilikuwa kazi ya siku mbili, mara tatu kwa mwaka. Kwanza vumbi lilitolewa kwa brashi, mpaka ndani ya mishono. Kisha kitambaa chenye unyevu, si maji ya kumwaga. Kisha kiti kiliachwa kikauke kivulini, milango wazi, na ole wake aliyefikiri kukianika juani. Baada ya hapo ndipo mafuta ya makongoro yalipoingia. Yalipakwa kidogo sana, kwa kiganja, mpaka ngozi ikabadilika rangi; yakaachwa usiku kucha; asubuhi kiti kikasuguliwa kwa kipande cha blanketi hadi kitambaa kisichukue kitu tena. Mama alilalamika kwamba watoto wanakosa mchuzi kwa ajili ya lori. Baba alijibu kwamba mchuzi wote unatoka kwenye lori.

Kwa nini makongoro, si samli wala mafuta ya nyama? Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ubahili. Sasa nafahamu kuwa ni maarifa. Mafuta ya tumbo la ng'ombe huganda kwa baridi kidogo tu, lakini yale ya miguuni, yanayokaa mbali na joto la mwili, hubaki laini hata hewa ikiwa ya baridi sana. Isingekuwa hivyo ng'ombe wa nchi za theluji asingeweza kukunja miguu. Ngozi iliyolishwa mafuta hayo haigandi alfajiri ya Njombe. Waingereza na Wamarekani wamelijua jambo hili kwa karne nyingi, na mpaka leo huyauza mafuta ya miguu ya ng'ombe kwa ajili ya matandiko ya farasi. Baba hakuwa amesoma habari hiyo popote. Aliipata kwa fundi viatu, naye fundi sijui aliipata wapi.

Sasa nirudi kwenye lile neno, reksini, maana limebeba historia ambayo wengi wetu tuliikalia bila kuifahamu. Kabla ya magari ya injini, huko Ulaya, tajiri alipanda gari la farasi lenye chumba. Ndani ya chumba alikalia sufu au mahameli. Nje, juu, mvua ikinyesha au jua likiwaka, alikaa mwendeshaji, na yeye ndiye aliyekalia ngozi. Sababu ilikuwa nyepesi: mahameli ingeoza, ngozi ilivumilia. Magari ya kwanza ya injini yalipotengenezwa hayakuwa na paa la maana, kwa hiyo wote wakakalia ngozi. Lakini mara tu matajiri walipojengewa vyumba vya vioo, mpango wa zamani ulirudi. Mwenye gari nyuma, kwenye kitambaa. Dereva mbele, mara nyingi bila paa, kwenye ngozi.

Desturi hiyo haijafa kabisa. Mwaka 2002 kampuni ya Bentley ilimkabidhi Malkia Elizabeth II gari la dola kwa ajili ya miaka yake hamsini ya utawala. Viti vya nyuma, vya Malkia, vilivishwa kitambaa cha sufu ya kondoo. Ngozi iliwekwa kwingine, pamoja na mahali pa dereva. Wajapani nao, katika gari la Toyota Century wanalowapakiza wakubwa wao, wamependelea sufu kwa miaka mingi, kwa kuwa haina kelele na haimchomi mtu wakati wa joto. Nilipolijua jambo hili nilicheka peke yangu. Baba yangu alilipa mshahara wake kununua kile ambacho wafalme waliwaachia watumishi.

Sasa, ngozi ni ghali, na magari yalipoanza kutengenezwa kwa maelfu ikawa haitoshi. Ford Model T za kwanza, zilizotoka mwaka 1908, zilikuwa na viti vya ngozi. Miaka michache haikupita ngozi ya bandia ikaanza kuingia. Ilikuwa kitambaa cha pamba kilichopakwa tabaka juu ya tabaka la dawa itokanayo na pamba iliyotiwa tindikali, ndugu wa karibu wa baruti. Wamarekani waliiita Fabrikoid, na kampuni ya DuPont, watengenezaji wa baruti tangu zamani, iliinunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 1910. Waingereza walikuwa na ya kwao, Rexine, na hiyo ndiyo iliyotufikia sisi pamoja na mabasi, malori na viti vya ofisi za serikali, hadi jina likawa neno letu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa ilibadilishwa ikawa plastiki, lakini fundi wetu hakubadilisha jina. Plastiki hiyo hulainishwa kwa mafuta maalumu yaliyochanganywa ndani yake, na jua huyafukuza mafuta hayo taratibu. Hapo ndipo inapokakamaa na kupasuka, na hakuna cha kupaka kitakachoyarudisha. Bedford ya baba haikuwa na ubaya wowote. Ilitengenezwa Uingereza, mahali ambapo jua si adui wa mtu.

Hivyo basi kwa zaidi ya nusu karne lori lilikuwa na kiti cha reksini popote duniani, na hakuna aliyeona ajabu. Mabadiliko yalianzia Marekani, ambako pikapu, iliyokuwa chombo cha mkulima cha kubebea majani na nguruwe, iligeuka pole pole kuwa gari la familia, kisha gari la fahari. Mwaka 2001 Ford walitoa pikapu ya F-150 yenye jina la King Ranch, shamba kubwa la mifugo la Texas lililoanzishwa mwaka 1853. Viti vyake vilivishwa ngozi nene ya rangi ya tandiko la farasi, isiyofunikwa sana kwa rangi. Ngozi ile ilikunywa kila kitu, jasho na kahawa na vumbi, na wenye magari walitakiwa kuilisha dawa yake mara kwa mara. Waliopuuza waliiona ikikauka na kupasuka. Hao baba yangu angewaelewa. Angekaa nao barazani akawaeleza habari za makongoro.

Lakini pikapu ya mwanangu si ya namna hiyo, na hapa ndipo kosa langu lilipokaa.

Ngozi iliyofungwa kwenye kiti cha baba iliivishwa kwa magome, kazi ya majuma na miezi. Mwaka 1884, huko New York, Augustus Schultz alipata hati ya kuivisha ngozi kwa chumvi za madini ya kromu, na mwaka 1893 Martin Dennis akapata njia rahisi zaidi ya kazi hiyo hiyo. Kilichochukua mwezi sasa kilichukua siku moja au mbili. Ngozi ya kromu ni laini, nyepesi, inastahimili joto kuliko ya magome, na kabla ya kutiwa rangi huwa ya bluu hafifu kama sare ya shule iliyofuliwa sana. Leo ngozi nyingi sana duniani huivishwa hivyo. Hapo ndipo bei ya magome yetu ilipoanza kuyumba, ingawa sisi tuliokuwa tukiyamenya hatukuambiwa sababu. Wala hatukufanikiwa sana upande wa pili. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya ngozi, na Morogoro kikajengwa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, cha kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilisimama. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, na ngozi zao nyingi zimeondoka nchini zikiwa mbichi au zimeiva nusu.

Sababu mojawapo ya bei ndogo ya ngozi zetu niliikalia utotoni: kupe, miiba, na chapa ya moto. Mnunuzi wa ngozi za viti vya magari hutafuta ng'ombe wa nchi za baridi, wasio na wadudu wengi wala senyenge za kuwachana. Hata hao hawana ngozi safi kabisa. Kwa hiyo kiwanda hufanya hivi. Ngozi, ambayo ikiwa nzima ina unene wa milimita nne au zaidi, hupasuliwa kwa kisu kirefu kinachozunguka, ikabaki ya juu yenye unene wa milimita moja na kidogo. Huzungushwa ndani ya mapipa makubwa pamoja na mafuta yake, ikashiba humo humo. Mara nyingi uso wake husuguliwa kwa msasa ili kuondoa makovu. Kisha hupuliziwa rangi, na juu ya rangi tabaka la plastiki laini, na mwisho hugandamizwa kwa bamba lenye alama ili ionekane kama ngozi. Ni ngozi kweli iliyogandamizwa sura ya ngozi.

Haya nilielezwa na fundi wa kuvisha viti mjini Iringa. Mwanangu alinipeleka huko wiki iliyofuata. Safari nzima nilikaa juu ya kanga mbili za mama yake. Fundi alikuwa kijana wa miaka kama thelathini. Tulisalimiana "kamwene" kama watu wa kwao, akazunguka gari mara moja, akanusa, akaniuliza, "Mzee, hii ni supu?" Nilikiri. Hakucheka, na kwa hilo namshukuru.

Alichovya kidole katika maji, akadondosha tone moja pembeni mwa kiti, mahali ambapo mafuta yangu hayakufika. Tukalitazama. Tone lilikaa juu, duara kamili, kama lililo juu ya jani la mgomba. Alingoja dakika nzima, akalifuta, na pale chini palikuwa pakavu. Akasema kwamba ngozi ya namna hii haili wala hainywi, kwa kuwa imefungwa mdomo. Mafuta niliyopaka yalibaki juu yakakamata vumbi, na mahali pekee yalipopata njia ni kwenye matundu ya sindano na vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa katikati ya kiti. Huko yalishuka kwenye uzi na sponji. Kama ningeendelea miezi michache, uzi ungekuwa mweusi na rangi ya juu ingeanza kulainika na kubanduka. Kisha akanionyesha jambo lililoniumiza zaidi. Aligonga ubavu wa kiti, na sehemu ya nyuma ya kiti, na mlango. "Hii yote si ngozi, mzee. Ngozi ni hapa tu unapokaa na unapoegemea." Kumbe nusu ya makongoro yangu niliilisha reksini.

Nilimwomba anifundishe, naye alifundisha vizuri, mikono yake ikienda pamoja na maneno. Adui wa kwanza wa kiti hiki ni vumbi, hasa mchanga, kwa kuwa kila mtu anapojigeuza mchanga hufanya kazi ya msasa juu ya ile rangi. Basi litolewe kila wiki, kwa mashine ya kufyonza kama ipo, au kwa brashi laini, na mishono ipanuliwe kwa vidole. Adui wa pili ni sisi wenyewe: jasho, mafuta ya nywele, losheni ya mikononi. Ndiyo maana kiti cha dereva huchakaa kwanza upande wa mlangoni na pale kichwa kinapoegemea. Kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali kama ya kuogeshea mtoto, povu bila maji mengi, kisha kitambaa kingine chenye maji safi, kisha kikavu. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kwa gari linalobeba vibarua wa parachichi mara mbili. Sabuni ya unga, jiki, petroli, spiriti na kiwi ya viatu visikaribie. Dawa ya kung'arishia dashibodi pia, kwa kuwa hufanya kiti kiteleze na kung'aa kama paji la uso lenye homa. Jinzi mpya huacha rangi yake ya bluu, na ikikaa sana haitoki. Mwenye kiti cha rangi nyeupe asimpakie mtu mwenye jinzi mpya bila shuka. Dawa za kulainishia zinazouzwa kwa ajili ya ngozi za namna hii zina maji ndani yake, si mafuta matupu; zipakwe kidogo, zifutwe zote. Zaidi ya hayo, kivuli. Jua huiunguza ile plastiki ya juu kama lilivyoiunguza reksini ya Bedford, ila kwa mwendo wa pole zaidi.

Alipotaja kivuli nilimwambia kwamba hata baba yangu alisema hivyo. Brashi, kitambaa chenye unyevu, kukausha kivulini: siku nzima ya kwanza ya kazi ya baba ilikuwa sahihi kwa gari la mjukuu wake. Ni siku ya pili iliyopitwa. Fundi aliniuliza ngozi ya lori lile ilikuwa ya namna gani, nikamweleza unene wake, magome, na ile chapa. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba ngozi kama hiyo ameiona mara mbili tu tangu aanze kazi, na zote mbili zilikuwa matandiko ya farasi.

Kazi ya kuviosha viti ilimchukua alasiri yote. Alitumia povu na brashi ndogo kwenye vile vitundu, akanyonya mafuta kwa karatasi, akarudia tena. Alitoza fedha ambazo mwanangu alitaka kulipa na mimi nikakataa. Viti vilirudi katika rangi yake ya kijivu isiyong'aa. Gauni la mkwe wangu halikurudi. Nilimpa fedha ya kitambaa kingine. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante baba, wala usijali," na sijaliona gauni jipya bado.

Bedford ya baba iliuzwa kama chuma chakavu mwaka 1981, injini ikiwa imekufa mara tatu. Kabla hawajalivuta, aliingia ndani na kisu akakata ngozi ya kiti, ile sehemu ya katikati, akaivisha kigoda alichokalia mpaka alipofariki. Kigoda hicho ninacho. Tuliporudi kutoka Iringa nilikitoa nje, tukakaa mimi na mwanangu barazani, na nikachovya kidole katika kikombe cha maji kama alivyofanya fundi. Tone lilikaa kitambo karibu na ile chapa. Kisha pembe zake zikaanza kuwa nyeusi, likapungua, likazama lote. Mwanangu aliinama akapagusa mahali pale kwa kidole, akakifuata kile kovu hadi mwisho wake, kisha akaniuliza kama kopo la makongoro nimelimwaga. Nilikuwa sijalimwaga. Lilikuwa zaidi ya nusu, akaenda mwenyewe kulichukua jikoni.